Kitabu Kilichotuacha Mlangoni

Wiki iliyopita binti yangu alikirusha kitabu kitandani, akaja jikoni kunilalamikia mimi kana kwamba ndimi niliyekiandika. Ni cha kwanza katika vitabu vitatu vinavyofuatana, vyenye mambo ya kichawi na upelelezi ndani yake. Kuna mfalme aliyeuawa, kuna farasi wanaoongea, na hakuna anayejua muuaji ni nani. Amekisoma kwenye basi la shule, amekisoma mezani chai ikipoa, na alipofika ukurasa wa mwisho akakuta muuaji hajatajwa. "Eti nisubiri cha pili," alisema. "Mama, huu si wizi?" Alitaka nikasirike pamoja naye. Mimi nikaangua kicheko, tena kile cha kumkera mtu mwenye uchungu wake, akaondoka amenuna na mlango akaubamiza.

Angevumilia kidogo ningemwambia kwamba nimewahi kuchezewa shere ya namna hiyo hiyo, tena si peke yangu. Tulichezewa watatu kwa mpigo, wawili kati yetu wakiwa watu wazima wenye akili zao, na kokoa ya nyumba nzima ikaharibika siku hiyo. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, harufu ya kokoa iliyovundikwa ikanijia puani, ule uchachu wa pombe iliyosahauliwa kwenye chungu, na ninapoishi sasa hakuna hata mti mmoja wa kokoa. Sisi tuliokulia Kyela tunaijua harufu ile. Haitoki nguoni, na kumbe haitoki hata kichwani.

Tulihamia kwa babu mzaa baba, kijijini Ipyana, baada ya baba kufariki. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa Mbeya mjini, tumepanga vyumba viwili, baba akifanya kazi ya kuchomelea milango na madirisha. Alipougua hakukaa. Homa ilimchukua upesi mno, kiasi kwamba kwa muda mrefu niliamini kuna mtu amekosea tu mahali fulani na mambo yatarekebishwa. Tulimzika kwao, matanga yakaisha, mama akasema hatuna cha kurudia mjini. Babu nilikuwa namjua kidogo. Krismasi tulipokuja Kyela tulifikia kwa shangazi, dada yake baba, pale Ipinda, na babu ndiye aliyekuja kutuona. Kila alipokuja mama alikuwa ametoka; yuko sokoni, au yuko mashineni anasubiri mpunga ukobolewe. Sikuwahi kujiuliza. Mtoto hajiulizi mama yake yuko wapi wakati babu yake amemletea miwa.

Kwenye mizigo yangu kulikuwa na kitabu. Baba alikinunua kwa mtu aliyekuwa akipanga vitabu vya mtumba chini, karibu na stendi. Kilikuwa kimekunjika kona, na juu ya jalada kulikuwa na picha ya mnara na msichana aliyeshika taa, chini yake imeandikwa Kitabu cha Kwanza. "Ukikimaliza nakuletea cha pili," baba aliniambia. "Lakini usikimbie nacho. Hiki ni cha kusoma polepole." Nilikuwa sijakifungua alipougua, na alipokufa sikutaka kukifungua kabisa. Nilikilaza katikati ya nguo zangu za shule na nikawa nakigusa tu kila ninapovaa.

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka ndipo nilipoanza kuona mambo. Asubuhi moja mama alikuwa anafagia uani. Babu akakohoa ndani, kikohozi kikavu cha kujitangaza, na mama akauangusha ufagio, akajitanda kanga usoni, akapotelea kwenye migomba. Babu akatoka, akasimama kidogo mlangoni akitazama juu kama anayepima mvua, akapita zake. Alipotokomea mama akarudi, akaokota ufagio, akaendelea palepale alipoishia. Nikadhani ni tukio la siku moja, lakini kesho yake ikawa vilevile. Chakula cha babu nilikipeleka mimi. Maji ya babu ya kuoga, mimi. Mama hakulitaja jina lake hata kwa bahati mbaya, alisema "babu yako", naye alisema "mama yako", na ikitokea wakaelekea kukutana njiani mama alijitosa kichakani, hata kama ni kichaka cha upupu.

Watoto wa pale kijijini walizaliwa wakiyaona hayo na wasingeshangaa. Mimi nilikuwa wa mjini, na kwa akili yangu ya mjini mtu akimkimbia mwenzake hivyo, basi wamegombana. Nikatafuta na sababu. Siku nyingine niliamua babu anamlaumu mama kwa kifo cha baba, siku nyingine niliamua ni mama anayemlaumu babu, ikitegemea ni nani aliyenipa mnofu mkubwa wa kuku.

Halafu nikasikia yasiyonihusu. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Ipinda kutuona, akakaa na jirani wakipepeta mchele, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikichuma mapera. Jirani akauliza, "Na huyu mke wa marehemu, itakuwaje?" Shangazi akajibu kwamba mpunga ukishavunwa kaka yake mama atakuja kumsikiliza. Akitaka kurudi kwao Katumba Songwe atarudi, bado ni kijana, hakuna wa kumfunga kamba. "Na mtoto?" jirani akauliza. "Mtoto ni wa hapa," shangazi akasema. "Mtoto aende wapi?"

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Baba alikwisha kwenda, sasa na mama ataondoka, kwa sababu nani angekaa na mtu anayemchukia namna ile, na mimi nitabaki na mzee ninayempelekea maji. Nilishikwa na woga ambao hadi leo naukumbuka. Nikaanza kumfuata mama kila mahali, mtoni, shambani, hata chooni nilimsubiri nje. Alinivumilia, kisha mchana mmoja akiwa jikoni anamenya ndizi, akaona bora anipe kazi. "Kile kitabu alichokununulia baba yako," alisema, "umeshakisoma?"

"Bado."

"Basi kilete. Nisomee mimi nisikie, mikono yangu haijashika kitabu siku nyingi."

Jiko letu lilikuwa la mianzi, limesimama peke yake ubavuni mwa nyumba kubwa, na mianzi yake ilikuwa imekauka na kuachana, ukikaa ndani unaona uani vipande vipande. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga. Kitabu kilikuwa kinahusu mji uitwao Zumira, ambako watu walianza kuamka asubuhi hawana vivuli. Jua linawaka, mtu anatembea, na chini yake ardhi ni nyeupe tu. Aliyeibiwa kivuli alianza kusahau. Kwanza jina la mbwa wake, kisha la mkewe, kisha la kwake mwenyewe. Kulikuwa na msichana, Tumu, ambaye baba yake alikuwa mtengeneza taa, na baba huyo alitoweka katika sura ya kwanza kabisa akiwa ameacha taa inawaka mezani. Tumu akaichukua ile taa na kuanza kumtafuta mwizi wa vivuli. Nilipofika hapo nilisikia kisu cha mama kimenyamaza. Nikanyanyua macho, nikamwona ameshika ndizi iliyomenywa nusu, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Endelea," alisema.

Babu wakati huo alikuwa akikaa kibarazani kwenye kiti chake cha plastiki, kwenye pembe ya mbali, akichonga mpini au akitazama kokoa isiparuliwe na kuku. Siku ya kwanza hakuonyesha dalili yoyote. Siku iliyofuata kiti kilikuwa katikati ya kibaraza. Baadaye kikawa kwenye pembe ya huku, karibu na jiko kiasi kwamba angenyoosha fimbo angegusa mianzi, na mgongo wake ameugeuzia jiko kwa adabu zote. Nilikuwa nimeanza kusoma pale mwizi anapoingia nyumbani kwa hakimu, akasema bila kugeuka, "Paza sauti, mke wangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa babu na mjukuu. "Masikio yangu yana mpunga ndani."

Basi ikawa ndiyo desturi ya mchana. Nikitoka shule, nikila, mama anakaa ndani ya jiko na kazi yake, babu anakaa nje ya jiko na ya kwake, na mimi mlangoni katikati yao nasoma. Nikichelewa, babu aliniuliza njiani, "Yule binti tulimwacha wapi?" ilhali alikuwa anajua vizuri alikoachwa. Jumapili tukitoka kanisani aliniambia mhubiri anajitahidi, lakini hamfikii yule mwandishi wa Zumira kwa kuficha mambo.

Kila mmoja alikuwa na mtu anayemshuku. Babu alisema mwizi ni mpiga kengele wa mnara, kwa kuwa ndiye anayeuona mji wote kutoka juu na hana kazi nyingine ya maana. Mama alisema ni mshona nguo. "Mwambie babu yako aangalie vizuri," alisema. "Yule mwanamke anashona nguo nyeusi kila siku, na hakuna mahali kitabu kimesema kitambaa anakinunua wapi." Nikamgeukia babu, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka pale na alikuwa amesikia kila neno, nikamwambia. Babu akachonga mpini kidogo. "Mwambie mama yako, mshona nguo hata uzi wa sindano anashindwa kuutunga kwa macho mabovu. Ataibaje kivuli?" Nikageuka, nikamwambia mama, aliyekuwa naye amesikia.

Sasa mimi nilivyoyaona mabishano hayo, nilidhani ugomvi wao umepata kuni mpya. Nikaanza kuyapunguza makali. Mama akisema, "Mwambie babu yako hiyo si hoja," mimi nilisema, "Babu, mama anasema huenda ukawa sahihi."

"Hakusema hivyo," babu alijibu. "Nimemsikia. Mpelekee mtu maneno yake kama yalivyo, gwe, usiyaoshe."

Nilikisoma polepole kama baba alivyoniagiza, lakini sababu yangu nyingine sikumwambia mtu. Niliona kwamba kitabu kikiendelea hakuna anayezungumzia habari ya mama kuondoka. Mpunga ulikuwa unaanza kuwa wa dhahabu mabondeni, nami nilikuwa nasoma kurasa chache, nakohoa, naomba maji. Na nilikuwa nina siri ya pili. Mimi sikumshuku mpiga kengele wala mshona nguo. Mimi nilikuwa nangoja kumwona baba yake Tumu akitokea mahali, mzima, aseme alikuwa amefungiwa tu.

Sura ya mwisho tuliisoma siku ambayo kokoa ilikuwa imebakiza kidogo kukauka. Ilikuwa imetandazwa uani, nyingine kwenye kichanja na nyingine juu ya turubai, imekwisha kuwa nyekundu na kutoa mlio ukiipitisha vidoleni. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya upande wa ziwa tangu asubuhi. Mtu yeyote wa Kyela akiyaona mawingu yale anakusanya kokoa kwanza, mengine baadaye, kwa sababu mvua yetu haipigi hodi. Mama aliyaona kupitia mianzi. Babu aliyaona kutoka kitini. Lakini Tumu alikuwa amekwisha kufika chini ya mnara.

Alipanda ngazi na taa yake. Kwenye kila ngazi kulikuwa na vivuli vimekunjwa na kupangwa vizuri, na vilikuwa vinanong'ona majina. Tone la kwanza likaniangukia mguuni. "Mvua," nikasema.

"Ni rasharasha," babu akasema. "Endelea."

"Mwambie babu yako kokoa iko nje," mama akasema, kisha yeye mwenyewe akaongeza, "malizia hapo kwanza."

Tumu akafika juu. Kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu anaimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Tumu aliujua tangu utotoni. Akausukuma mlango. Akainua taa. Mtu aliyekaa pale akageuka, na Tumu akasema, "Kumbe ni wewe."

Nikafunua ukurasa. Upande wa pili palikuwa pameandikwa katikati ya karatasi nyeupe: Mwisho wa Kitabu cha Kwanza.

"Enhe," babu akasema.

"Imeisha."

"Imeisha vipi? Wewe nani?"

"Haijasema. Imesema tu, kumbe ni wewe."

"Ndiyo nauliza, wewe nani?"

Hapo mvua ikashuka yote kwa pamoja. Babu aliinuka, lakini mama alikuwa amekwisha kutoka jikoni mbio, kichwa amekitupia kanga, akauvuta upande mmoja wa turubai. Babu alipomwona ameingia uani akasita, kisha akageuka akaupa uso ukuta wa nyumba. Alisimama hivyo, paji la uso karibu liguse udongo, maji ya paa yakimchuruzika shingoni, wakati mama na mimi tunahangaika kukunja na kubeba. Tulipofanikiwa kuingiza kila kitu ndani, kokoa ilikuwa imelowa chapachapa. Na kokoa ikilowa karibu na kukauka inaota ukungu, hata uirudishe juani. Mimi sikuwa naiangalia kokoa. Nilikuwa namwangalia babu aliyempa mama kisogo namna ile, hata kumsaidia hataki, nikajua mambo yamekwisha.

Tulikaa tukisubiri mvua ipungue, mama ndani ya jiko, babu kibarazani amejipangusa kwa shati. Harufu ya kokoa iliyolowa ilikuwa imejaa kila mahali. Kisha babu akaanza kunung'unika. Alianza polepole, akimwambia kuku aliyejikunyata chini ya kiti. Alisema mwandishi huyu hakulelewa. Anakualika kwake, unanawa mikono, unakaa mkekani, anakuja na chungu kinafuka moshi, anakifunua unachungulia, halafu anakibeba na kurudi nacho ndani. "Anasema njoo mwakani," babu akasema. "Na mimi kokoa yangu nani atanirudishia? Wewe? Kumbe ni wewe?"

Ndani ya jiko mama akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kanga, kikampasua, akacheka mpaka akakaa chini penye maganda ya ndizi. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mbeya. Babu alikisikia. Najua alikisikia, kwa sababu aliyarudia yote tangu mwanzo kwa sauti ya juu zaidi, akayatia chumvi, akaongeza kwamba hata mbuzi akikuibia mahindi unamwona uso.

Mimi sikucheka. Babu akaniuliza, "Sasa cha pili kiko wapi?"

"Baba alisema atakileta nikikimaliza hiki."

Mvua ilikuwa imebaki matone ya kwenye majani ya migomba tu. Nikaanza kulia, na nililia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na kitabu kwa kunifikisha mlangoni na kuniacha pale, na nilikuwa na hasira na baba kwa kosa lile lile. Babu akasubiri nimalize kikwifukwifu. "Na wewe mke wangu," akasema, "hujawahi kutuambia. Unadhani nani alikuwa mle mnarani?"

"Baba yake," nikasema.

Hilo hawakulibishia. Mama alitoka akasimama nyuma yangu, ndani ya kivuli cha mlango asionekane kibarazani, akaniwekea mkono kichwani, ukakaa hapo muda mrefu.

Shangazi alikuja keshokutwa yake kutuletea usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na kuiona kokoa iliyoharibika. Nilimvuta pembeni, nikamweleza kwamba babu anamchukia mama, na kwamba nina ushahidi, kwa sababu mvuani alimpa kisogo. Shangazi alinitazama, akashika kiuno, akacheka hadi akafuta machozi. "Nyie watoto wa mjini," alisema. Kisha akanikalisha. Akaniambia kwamba kwetu mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, hazungumzi naye, hali naye, hapiti mbele yake. Kumkimbia ndiko kumheshimu. "Mama yako anapojificha kwenye upupu anamwambia babu yako, wewe ni mkubwa kwangu. Na mzee wa umri ule anapolowa kifudifudi ukutani ili mama yako aokoe kokoa bila kuona aibu, unadhani anamwambia nini?"

Nilimuuliza, kama ni hivyo, kwa nini mama aondoke. Shangazi akaacha kucheka. Akasema hapo ndipo wanapomchosha. "Nimemuuliza babu yako kama anataka abaki. Anasema, asije akabaki kwa kunionea huruma, mimi mzee. Nimemuuliza mama yako kama anataka kubaki. Anasema, asije akanibakiza kwa kunionea huruma, mimi mjane. Wote wanataka kitu kimoja, na hakuna anayekubali kukisema kwanza. Na mimi nikisema kwa niaba yao wataniambia nimepanga." Alijifunga kitenge upya. "Kaka yake anakuja wiki ijayo. Mungu awape akili."

Kitabu cha pili, kwa taarifa yenu, hatukukipata. Nimekitafuta utu uzima wangu wote, kwenye maduka na kwa wauza mitumba, na wanaokijua kile cha kwanza ni wachache mno. Mmoja aliniambia mwandishi hakuwahi kuendelea. Nilimchukia mwandishi yule miaka mingi, na siku hizi namsamehe polepole, kwa sababu ya yaliyotokea siku mjomba alipokuja.

Alikuja alasiri, kwa pikipiki ya kukodi, amevaa koti la kwendea kanisani, na jogoo mkononi. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu mpole wa maneno machache. "Mugonile, baba," alimsalimia babu, wakasalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa, habari za mto Songwe, habari za mpunga, habari za wagonjwa. Shangazi alikuwepo. Mama alikuwa jikoni nyuma ya mianzi, na mimi nilikuwa nimeshika birika na beseni la kunawia. Walipokwisha kula mjomba akajisafisha koo. Akasema wao kwao hawana neno baya na nyumba ile, wamemzika mkwe wao pamoja, wamelia pamoja. Amekuja tu kusikia dada yake anasemaje. "Akisema twende, tutaondoka kwa amani, na mtoto tunajua ni wa hapa. Akisema anabaki, hatuna ugomvi."

Shangazi akanipokea beseni. Wote walikuwa wanamsubiri babu. Yeye ndiye aliyepaswa kutuma swali ndani, na mwenye kulipeleka ningekuwa mimi. Alitazama fimbo yake. Alitazama ule upande wa uani ambako kokoa ilikuwa imekaa. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga, mzee ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akikosa la kusema, nikaelewa kwamba anaogopa. Anaogopa kama mimi, na anaogopa kitu kilekile.

"Mke wangu," alisema hatimaye. "Nenda kamuulize mama yako." Mjomba akainama mbele ili asikie. "Kamuulize, yule aliyekuwa mnarani, bado anasema ni mshona nguo?"

Mjomba akamtazama shangazi. Shangazi akatazama pembeni.

Nilivuka uani hadi mlangoni pa jiko. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, mikono magotini, na nilijua amesikia, lakini nilimuuliza neno kwa neno, sikuliosha hata moja. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. Alijifuta kwa ncha ya kanga, na aliponijibu alijibu kwa sauti iliyotosha kufika kibarazani na hata nyumba ya jirani.

"Mwambie babu yako ni mshona nguo," alisema. "Na mwambie nakaa hapa hapa mpaka akubali."

Nikageuka. Babu alikuwa amesimama, amejiegemeza kwenye fimbo yake, mgongo ameupa jiko kama siku zote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo.

"Mwambie," alisema, "mimi sitakubali mpaka nakufa."

Nikaingia jikoni kumwambia.